Mto Kwanza, Ndoana Baadaye



Kila asubuhi ya miezi ya Juni, Julai na Agosti, magari ya watalii hutoka mjini Arusha kwa misururu. Mengine huelekea Manyara, Ngorongoro na Serengeti, mengine hushika barabara ya Moshi kuwapeleka wageni kupanda Kilimanjaro. Haya ya barabara ya Moshi huvuka mito mingi kabla hayajafika mbali: Nduruma, Tengeru, Usa, Maji ya Chai na vijito vingine vinavyoshuka kutoka Mlima Meru. Na hata kabla ya kutoka mjini yamekwisha kupita karibu na Themi, Naura na Goliondoi. Si rahisi kuona gari likisimama ili mgeni autazame mto. Mto kwetu ni daraja la kuvuka. Basi.

Lakini ziko nchi ambazo mgeni husafiri siku nzima, akalala katika nyumba ya wageni ya kijijini, akaajiri mwongozaji, kwa ajili ya mto peke yake. Anataka kuvua samaki mmoja kwa mshipi na ndoana, amtazame, apigwe naye picha, kisha amrudishe majini. Leo nataka tuizungumze biashara hiyo: inaendeshwaje huko, imetufunza nini hapa Afrika Mashariki, na kama inaweza kufaa huku kwetu chini ya Meru.

Tuanze na huko ilikokomaa. Katika mito ya Marekani na ya kusini mwa Kanada yuko samaki aitwaye besi wa mdomo mdogo. Si mkubwa. Akifika kilo mbili, mvuvi atamsimulia mwaka mzima. Umaarufu wake ni nguvu zake: akinaswa huruka juu ya maji na kupigana mpaka pumzi ya mwisho. Watu wanaoishi kwa samaki huyu ni wengi, wakiwemo waongozaji wenye mashua ndogo wanaowachukua wageni wawili wawili na kuteremka nao na mkondo tangu alfajiri hadi jioni.

Sasa sikilizeni jambo la maana. Mwongozaji yule hauzi samaki. Samaki ni wa mto, na mwisho wa siku hurudi mtoni. Anachouza ni ujuzi wa majira. Anajua kwamba baridi ikiisha na maji yakaanza kupata joto, besi dume huchimba kiota kwenye changarawe, jike hutaga na kwenda zake, na dume hubaki kuyalinda mayai na vifaranga. Anajua kwamba wakati wa joto samaki hula alfajiri na magharibi, na jua likiwa kali hujificha kwenye vivuli na nyuma ya mawe. Anajua kwamba majani yakianza kupukutika, samaki hula kwa pupa akijiwekea akiba ya mwili, kisha huhamia kwenye vilindi na kutulia humo baridi yote, asijishughulishe na chambo. Mwongozaji amezishika zote hizo kichwani. Wahenga walisema mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo.

Na kwa kuwa anayajua majira, anajua pia wakati wa kuacha. Dume akitolewa kwenye kiota, hata kwa dakika chache, samaki wadogo huyavamia mayai na kuyala. Kwa sababu hiyo sehemu nyingi za huko zina sheria za msimu wa kufunga uvuvi, au za kumrudisha kila samaki majini wakati wa kuzaliana.

Liko funzo jingine kutoka huko. Katika mto Susquehanna, jimbo la Pennsylvania, ambao ulisifika kwa besi, mwaka 2005 vifaranga vilianza kuonekana na vidonda na kufa kwa wingi, na baada ya miaka michache samaki wakubwa nao wakapungua. Mwaka 2011 wenye mamlaka walipiga marufuku kuondoka na besi yeyote katika sehemu kubwa ya mto huo. Wataalamu walipochunguza walitaja magonjwa pamoja na kemikali zinazotiririka kutoka mashambani na mijini. Waongozaji na wavuvi wa mshipi walikuwa miongoni mwa waliopiga kelele, kwa sababu wao humwona samaki kila siku, na kidonda cha samaki ni kidonda cha mfuko wao. Kwa hiyo mwongozaji ni mlinzi wa mto ambaye serikali haimlipi mshahara.

Ndugu wasikilizaji, najua baadhi yenu mmekwisha kufika mbele yangu. Mnasema: kama ni hivyo, si tumlete besi huyo, tumpande katika mito yetu ya Meru, na wageni waje? Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Tusiharakishe. Methali hiyo ni nzuri kwa mgeni wa miguu miwili. Kwa mgeni wa mapezi, historia yetu inasema mengine.

Waingereza walipotawala nchi hizi walizikuta nyanda za juu zenye vijito vya maji baridi, wakatamani samaki wa kwao. Kule Kenya, mwaka 1905, Ewart Grogan, yule aliyesifika kwa kusafiri kwa miguu kutoka kusini mwa Afrika kwenda kaskazini, aliagiza mayai ya trauti kutoka Uskoti yakapandwa katika mito ya milima ya Aberdare. Baadaye trauti walitiwa katika vijito vya Mlima Kenya, na huku kwetu katika vijito vya Kilimanjaro, Meru, Usambara na nyanda za juu za kusini. Haki isemwe: trauti wa Kenya wamewapa watu kazi, wapo wanaowafuga kwa ajili ya hoteli, na wapo wageni wanaopanda milima ile na fimbo za kuvulia.

Lakini Ziwa Naivasha lina hadithi nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alipelekwa huko besi wa mdomo mkubwa, ndugu wa huyu tunayemzungumza, kwa ajili ya mchezo wa kuvua. Ziwa lile lilikuwa na samaki mmoja tu wa asili, mdogo kama dagaa. Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa mwaka 1962, na besi ndiye anayetajwa zaidi kuwa alimmaliza. Mwaka 1970 wakaletwa pia kamba wa maji baridi kutoka Louisiana. Wakazaana, wakayafyeka majani ya majini. Jambo la mgeni mmoja likawa la wageni wengi.

Ziwa Victoria halihitaji maelezo marefu. Sangara alitiwa humo miaka ya 1950, na miongoni mwa waliomtaka walikuwemo waliotaka samaki mkubwa wa kuvua kwa mchezo. Miaka ya 1980 alishamiri, viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, fedha za kigeni zikaingia, vijana wakapata ajira. Hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba aina nyingi sana za furu, inakadiriwa zaidi ya 200, zilitoweka au zilikaribia kutoweka. Faida tulizihesabu kwa shilingi; hasara hazikuwa na wa kuzihesabia.

Na besi wa mdomo mdogo mwenyewe je? Naye amekwisha kufika barani Afrika. Alipelekwa Afrika Kusini mwaka 1937 kwa ajili ya wavuvi wa mchezo. Katika mito midogo ya Rasi aliwala samaki wadogo wa asili, ambao hawapo kwingine duniani. Katika mto Rondegat, milima ya Cederberg, ilifika mahali samaki wa asili walibaki sehemu ya juu tu, ambako maporomoko yalimzuia besi kupanda. Mwaka 2012, na tena mwaka 2013, serikali ya kule ililazimika kutia dawa ya kuua samaki katika kipande cha mto cha kilometa chache ili kumwondoa mgeni. Samaki wa asili wakashuka na kuanza kurudi. Hebu fikirini: watu walitumia fedha kumleta, kisha wakatumia fedha kumuua, na hicho ni kijito kimoja tu.

Basi huku kwetu, anayetaka kutia samaki mgeni mtoni ajue kwamba maji ya Meru hayaishii Meru. Themi, Nduruma, Usa na wenzao huingia Kikuletwa. Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katikati ya miaka ya 1960. Na kutoka hapo ni mto Pangani mpaka baharini. Katika bonde hilo na Ziwa Jipe yuko perege wa asili ambaye hapatikani popote pengine duniani. Wataalamu humwita Oreochromis jipe, na wamemweka katika orodha ya samaki walio hatarini kutoweka. Uvuvi wa kupita kiasi umemwandama, na perege wageni waliotiwa katika maji yale wamembana. Tukimwongezea besi, tutakuwa tumempeleka chui kwenye zizi la mbuzi waliokwisha kukonda.

Je, maana yake tusahau habari ya kuongoza wageni mtoni? La, hasha. Mfano mzuri uko hapa hapa Tanzania. Katika bonde la Kilombero iko mito ya Mnyera na Ruhudji. Huko, kwa miaka mingi sasa, wageni wa kuvua kwa mshipi wamekuwa wakiongozwa kwa mashua kumtafuta tigafishi, samaki mwenye meno ya kutisha na mbio za ajabu. Huenda miezi ya ukame, wakati mito imeshuka na maji yametakata. Samaki akinaswa hupimwa, hupigwa picha na kurudishwa. Yule wa mito yetu ya mashariki ana jina la kisayansi alilopewa mwaka 1986, Hydrocynus tanzaniae, yaani amebeba jina la nchi yetu. Hakuagizwa kutoka popote. Mgeni anatoka Ulaya au Marekani, anapita mito yake yenye besi na trauti, anakuja Kilombero kwa sababu samaki yule hayuko kwao. Hiyo ndiyo siri ya biashara hii. Ukimpa mgeni kitu cha kwao, atakilinganisha na cha kwao, nawe utashindwa. Ukimpa cha kwako, huna mshindani.

Meru haina tigafishi, tusijidanganye. Lakini lipo Ziwa Duluti pale Tengeru, ziwa la kreta lenye msitu ukingoni, ambako wageni tayari huongozwa kwa mitumbwi kutazama ndege. Upo Kikuletwa, na chemchemi zake ambazo watu wa Arusha na Moshi huenda kuogelea. Humo mna perege na kambale. Mgeni aliyetoka kuwaona tembo, akiwa na nusu siku kabla ya ndege yake kuruka, anaweza kuongozwa na kijana wa pale pale, mwenye kibali, kwa mshipi mmoja na ndoana isiyo na kishikio ili samaki arudi salama. Haitakuwa biashara ya mamilioni. Itakuwa riziki ya vijana wachache wa vijiji vya mtoni, nao watakuwa na sababu ya kuulinda mto.

Lakini kijana huyo hana budi kuwa na kalenda, kama mwenzake wa Marekani. Yule huhesabu majira kwa joto la maji. Wa kwetu atahesabu kwa mvua.

Machi hadi Mei ni masika. Mito ya Meru huja na udongo mwekundu, hujaa, huvunja kingo. Kambale hupanda na maji ya mafuriko kwenda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa. Huo si wakati wa ndoana. Ni wakati wa kuwaacha wazae, na kwa mwenye akili, wakati wa kupanda miti ukingoni.

Juni hadi Agosti ni kipupwe. Mlima hujifunika mawingu, maji hutakata, mto bado una kina. Ndiyo miezi ya watalii wengi. Hapa kijana atafanya kazi, asubuhi na jioni.

Septemba na Oktoba ni miezi ya hadhari. Mto uko chini kabisa, mifereji inagawana kilichobaki, samaki wamebanana kwenye vidimbwi. Ni rahisi kuwavua, hata mtoto atawavua kwa kapu. Kwa sababu hiyo hiyo mwongozaji mwema atafunga. Samaki wa kwenye kidimbwi cha Oktoba ndio mbegu ya mwaka ujao.

Mvua za vuli hufika Novemba na Desemba, mto huchafuka tena. Kisha Januari na Februari, kiangazi, maji hutakata kwa mara ya pili na kazi hurudi kabla ya masika. Miezi mitano ya kazi na saba ya kupumzisha mto, hiyo ndiyo hesabu ya haki. Na hata ndani ya miezi ile ya kazi kuna adabu: perege jike wa maji haya huatamia mayai na vifaranga kinywani mwake. Akivutwa na ndoana huvitema. Anayejua jambo hilo akimnasa jike mwenye mdomo uliovimba, atamrudisha haraka pale pale alipomtoa.

Ndugu wasikilizaji, nimesema kalenda, nimesema adabu. Sasa niseme lililo gumu. Hayo yote ni bure kama mto wenyewe umekufa.

Utazame Themi unapotoka mlimani, na uutazame unapotoka mjini. Juu ni maji ya kunywa kwa kiganja. Chini ni mifuko ya plastiki, maji machafu ya makazi, na sabuni ya magari yanayooshwa mtoni. Bustani za mboga zimelimwa mpaka kwenye maji yenyewe, na mchicha unaomwagiliwa kwa maji hayo unarudi sokoni kwetu. Huko mabondeni wako wanaotia sumu mtoni, iwe utupa au dawa za mashamba, wapate samaki wa siku moja na kuua wa miaka mitatu. Wako wanaovua kwa vyandarua vya mbu, wakibeba mpaka vifaranga.

Sheria haikosekani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imekataza sumu na baruti. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imetoa nafasi kwa jumuiya za watumia maji. Iko pia Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Kilichopungua ni mtu ambaye mto ukichafuka yeye hulala na njaa. Mkulima wa ukingoni anataka maji tu, yawe safi yasiwe safi. Mwosha magari hajali. Mwenye shamba kubwa ana kisima chake. Mwongozaji ndiye anayetaka maji yawe mengi, yawe safi, na yawe na uhai, kwa sababu bila hayo matatu mgeni wake hatarudi.

Wazee wa Kimeru na Kiarusha walilijua jambo hili kwa upande wa mifereji. Mfereji ulikuwa na kamati na zamu, na aliyeiba maji usiku alitozwa faini. Hakuna aliyesema maji ni ya Mungu kwa hiyo kila mtu achote atakavyo. Utaratibu ule ule ungeweza kupanuliwa. Kijiji cha mtoni kikae, kitenge vipande vya mto vya kuvua na vya kupumzisha, kiwaombe maafisa uvuvi wa wilaya kibali na ushauri, kikubaliane ada ya mgeni. Ada hiyo igawanywe hadharani: ya kijana anayeongoza, ya kamati ya mfereji, ya miche ya ukingoni. Tusirudie ya milimani, ambako mara nyingi mpagazi hubeba mzigo wote na kushuka na senti.

Ninachosisitiza ni utaratibu. Mto kwanza, ndoana baadaye. Samaki wa kwetu kwanza, na wa kigeni wabaki kwao, ambako wana mito yao na watu wao wanaowajua. Halmashauri ikiletewa kesho ombi la kupanda samaki wa mchezo katika kijito cha Meru, iulize swali moja tu: Je, akishatushinda nguvu, nani atamtoa, na kwa fedha za nani? Wa Rondegat waliweza kujibu kwa kilometa chache za kijito. Sisi kwa bonde zima la Pangani hatutaweza.

Na wewe msikilizaji unayeishi kando ya Naura, au Nduruma, au Usa, wiki hii shuka mtoni na watoto wako. Waulize kuna samaki gani. Wakikutajia hata watatu, mshukuru Mungu, mto wako ungali hai. Wakinyamaza, jua pa kuanzia kazi.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.